Jinsi ya kupima athari za sera ya uchumi kwa kulinganisha nchi: mwongozo kamili kwa mfano wa tozo ya miamala ya simu

Kila mwaka vyuo vya Dodoma vinapokea mapendekezo ya utafiti yenye kichwa kinachofanana: "Athari za sera za kodi katika ukuaji wa uchumi: ulinganisho wa nchi za Afrika Mashariki." Kichwa kinapendeza machoni, lakini ndani yake hakuna swali linalojibika. Baada ya miezi sita mwanafunzi ana faili la takwimu za Benki ya Dunia, jedwali lililojaa nyota (alama ambazo programu huweka kuonyesha umuhimu wa kitakwimu), na msimamizi anayemuuliza jambo dogo tu: sera yenyewe ilikuwa ipi, na ilianza lini?

Mwongozo huu unaifuata sera moja kutoka swali hadi ripoti. Nimechagua tozo ya miamala ya simu kwa sababu tatu. Kila mtu aliyewahi kumtumia mzazi wake hela anaijua. Tanzania, Uganda, Ghana na Kenya ziliitoza huduma hiyohiyo kwa njia zisizofanana. Na takwimu za kila mwezi zipo, zinapatikana bila kulipa. Ukitaka kupima kitu kingine, iwe ushuru wa mafuta ya kula, ruzuku ya mbolea au zuio la kuuza mahindi nje, hatua ni zilezile.

Niseme mapema ninachoamini: sehemu ngumu ya kazi hii iko kwenye kalenda kuliko kwenye kompyuta. Mtu anayejua kwa tarehe nini kilibadilika, kwa nani, na ni kitu gani kingine kilitokea wiki hiyohiyo, atapata jibu la maana hata kwa kikokotoo cha simu. Asiyejua hayo, programu ya gharama kubwa itampa tu jibu lisilo sahihi lenye desimali nyingi.

Hatua ya kwanza: bana swali

Swali zuri la utafiti wa sera lina vitu vinne: kilichobadilika, tarehe, walioguswa, na unachopima. Kwa mfano wetu linaweza kuandikwa hivi: "Je, tozo iliyoanza Tanzania tarehe 15 Julai 2021 ilipunguza idadi ya miamala ya kutuma na kutoa hela kwa simu katika miezi 12 iliyofuata, ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila tozo?"

Maneno manne ya mwisho, "ambavyo ingekuwa bila tozo", ndiyo yanayokupeleka nchi nyingine. Tanzania isiyo na tozo mwezi Agosti 2021 haipo popote. Unachoweza kufanya ni kutafuta mahali palipofanana nayo ambapo tozo haikuwekwa, ukatazame kulikwendaje.

Amua pia kama unapima idadi ya miamala au thamani yake, kwa kuwa hizo mbili zinaweza kwenda njia tofauti. Mama aliyekuwa anatumiwa Sh 20,000 kila wiki anaweza kuanza kutumiwa Sh 80,000 mara moja kwa mwezi. Thamani imebaki ileile, idadi imeshuka hadi robo. Mtafiti wa kwanza atasema tozo haikufanya kitu, wa pili atasema imeua soko, na wote wana takwimu sahihi. Chagua kipimo chako kikuu kabla hujaziona data, kiandike, weka tarehe, na umtumie msimamizi kwa barua pepe. Ukichagua baada ya kuona, utachagua kile kinachokufurahisha. Sote tuko hivyo.

Hatua ya pili: andika daftari la sera

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tenga wiki mbili nzima. Fungua jedwali lenye safu hizi: nchi, tarehe ya kutangazwa, tarehe ya kuanza, kilichotozwa, kiwango, nani alipe, kilichobadilishwa baadaye, na waraka ulikoyasoma hayo. Usijaze safu ya mwisho kwa habari ya gazeti ikiwa sheria yenyewe ipo. Habari hukwambia "serikali yapunguza tozo". Sheria na kanuni zake zilizotangazwa kwenye Gazeti la Serikali ndizo zinazokwambia imepunguzwa kwa miamala ipi na kuanzia siku gani.

Kwa upande wa Tanzania, aliyeko Dodoma ana nafuu. Bunge lipo hapa, Wizara ya Fedha ipo Mtumba, Ofisi ya Taifa ya Takwimu ipo hapa. Hotuba za bajeti na majadiliano ya Bunge yanapatikana mtandaoni, na kile usichokielewa unaweza kwenda kukiuliza kwa miguu.

Ukifuatilia vizuri, mstari wa Tanzania unageuka kuwa mistari mingi. Tozo ilipendekezwa kwenye bajeti iliyosomwa tarehe 10 Juni 2021, ikaingia kwenye Sheria ya Fedha ya 2021, ikaanza kukatwa tarehe 15 Julai, kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kulingana na kiasi, kwa anayetuma na kwa anayetoa. Malalamiko yakawa mengi, na Septemba 2021 ikapunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi Sh 4,000, lakini wigo ukapanuliwa kuingiza miamala ya benki. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022 baadhi ya tozo hizo zikafutwa na nyingine kupunguzwa tena. Katika bajeti ya 2023/24 tozo ya kutuma ikaondolewa, ya kutoa ikabaki.

Unaona tatizo? Anayesema "athari ya tozo ya Tanzania" kana kwamba ilikuwa kitu kimoja, anachanganya sera tano.

Uganda ilitangulia. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutoza asilimia 1 ya thamani ya kuweka, kutuma na kutoa. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huohuo sheria ikarekebishwa: asilimia 0.5, kwa kutoa tu. Ghana ilitangaza yake Novemba 2021 kwa asilimia 1.75, Bunge likavutana hadi wabunge kushikana mashati, ikapita kwa asilimia 1.5 na kuanza tarehe 1 Mei 2022, kwa kiasi kinachozidi cedi 100 kwa siku. Januari 2023 ikashushwa hadi asilimia 1, na mwaka 2025 ikafutwa kabisa. Kenya ilikwenda njia yake: haikutoza thamani ya muamala, ilitoza ada ambayo kampuni inamkata mteja, asilimia 10 mwaka 2013, 12 mwaka 2018, 15 mwaka 2023.

Tofauti ya Kenya na wengine si ndogo. Ukituma Sh 100,000 na ada yake ni Sh 1,000 (namba za mfano), kodi ya asilimia 12 juu ya ada ni Sh 120. Kodi ya asilimia 1 juu ya thamani ni Sh 1,000. Ukiziweka nchi zote kwenye safu moja iliyoandikwa "ina kodi ya miamala: ndiyo/hapana", utakuwa umefuta kilichokufanya uzilinganishe.

Hatua ya tatu: tafuta kilichotokea siku hiyohiyo

Watafiti wengi wanairuka hatua hii, na wengi wanaanguka kwa sababu yake. Kando ya daftari la sera, andika kalenda ya pili ya matukio yote yanayoweza kuisogeza miamala ya simu bila tozo kuhusika.

Anza nyumbani. Sheria ya Fedha ya 2021 haikuja na tozo ya miamala peke yake; ilikuja pia na tozo ya laini za simu na nyongeza ya Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mtu aliyepunguza kutuma hela Agosti 2021 huenda alibanwa na nauli.

Kisha msimu. Mwaka wa fedha wa Tanzania, Uganda na Kenya unaanza Julai 1, kwa hiyo kodi mpya karibu zote za ukanda wetu zinazaliwa Julai. Kanda ya kati mvua ni moja, Desemba hadi Aprili, na mavuno huanza Mei. Julai ndiyo wakati mahindi, mtama na alizeti vinageuka hela, na soko la nafaka la Kibaigwa linajaa malori. Ukilinganisha Machi na Agosti unapima mavuno, si kodi. Linganisha Agosti na Agosti.

Sasa nchi jirani. Utavutiwa kuichukua Kenya kuwa nchi ya kulinganisha mwaka 2021, kwa kuwa haikubadilisha kodi yake mwaka huo. Lakini Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, Kenya iliondoa ada za kutuma kiasi kidogo, hadi Ksh 1,000, na ada hizo zikarudi mwanzoni mwa 2021. Kwa hiyo 2020 ya Kenya imevimba kwa sababu yake yenyewe, na ukiitumia kuwa mwaka wa msingi unapima kurudi kwa ada. Uganda je? Uganda ilifunga shughuli kuanzia Juni 18 hadi mwisho wa Julai 2021, wiki zilezile tozo yetu ilipoanza. Januari ya mwaka huo ilizima pia intaneti wakati wa uchaguzi. Tanzania haikuwafungia watu ndani, nayo ni tofauti yenyewe.

Je, hakuna nchi safi? Hakuna. Ukingoja nchi isiyo na doa hutaandika kitu. Unachofanya ni kuchagua zaidi ya nchi moja, zenye madoa yasiyofanana, ukaona kama jibu linabaki palepale. Kenya ikikwambia kupungua kwa asilimia 8 na Rwanda ikakwambia 7, unaanza kuamini. Moja ikisema 8 na nyingine ikisema kumeongezeka, tatizo liko kwenye kalenda yako, rudi huko.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: watu husikia kabla ya sheria kuanza. Aliyesikia hotuba ya bajeti Juni 10 aliweza kutoa hela zake zote kabla ya Julai 15. Ghana walikuwa na karibu miezi sita ya kujiandaa. Kwa hiyo usitumie mwezi wa mwisho kabla ya tozo kuwa msingi wako. Kwa Tanzania, ishia Mei 2021. Kwa Ghana, Oktoba 2021.

Hatua ya nne: kusanya data na uzisafishe

Kwa miamala ya kila mwezi, chanzo cha kwanza ni benki kuu ya nchi husika: Benki Kuu ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda na ya Ghana, zote zinatoa takwimu za mifumo ya malipo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) wanatoa idadi ya laini na akaunti za fedha kwa robo mwaka. Findex, utafiti wa Benki ya Dunia kuhusu huduma za fedha, ni nzuri kwa kujua nani ana akaunti, lakini imekuja 2011, 2014, 2017, 2021 na 2025. Haiwezi kukuonyesha Julai.

Soma maelezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini ya kila jedwali. Nchi moja inahesabu akaunti zote zilizosajiliwa, nyingine zile zilizotumika ndani ya siku 90. Nchi moja inajumlisha kuweka, kutuma, kutoa na kulipia bidhaa, nyingine inatenganisha. Maana ikibadilika katikati ya miaka, mstari utaruka siku ambayo hakuna sera iliyobadilika. Ukikuta mruko usioeleweka, wapigie au waandikie wenye data. Mara nyingi wanajibu, na jibu lao ni la kuhifadhi.

Usigeuze kila kitu kuwa dola. Shilingi ikishuka thamani, utaona miamala imepungua wakati hakuna aliyeacha kutuma. Baki na sarafu ya nchi, kisha ondoa mfumuko wa bei kwa kutumia fahirisi ya bei za walaji ya nchi hiyo. Kwa Tanzania ya 2021 na 2022 ambako mfumuko ulikuwa kati ya asilimia 3 na 5, kosa ni dogo. Kwa Ghana ni balaa: Desemba 2022 mfumuko ulifika asilimia 54.1. Thamani ya miamala inaweza kuonekana imepanda sana kwa cedi huku watu wakituma kidogo kuliko zamani. Ndiyo maana kwa Ghana napendelea kuanza na idadi ya miamala, halafu thamani.

Hifadhi faili la asili lilivyo, bila kuligusa, na ufanye kazi kwenye nakala. Kila badiliko liandike kwenye faili la maelezo.

Hatua ya tano: chora, halafu hesabu

Kabla ya hesabu yoyote, chora mstari wa kila nchi, mwezi hadi mwezi, miaka mitatu kabla na miwili baada. Weka mwezi wa msingi uwe 100 kwa kila nchi ili ziweze kukaa kwenye karatasi moja. Piga mstari wa wima kila tarehe iliyoko kwenye daftari lako la sera. Kaa uitazame. Ikiwa jicho halioni kitu chochote kikitokea kwenye mstari wa wima, na hesabu ikakwambia kuna athari kubwa, amini jicho kwanza uende ukaikague hesabu.

Sasa hesabu. Njia ya kuanzia ni tofauti ya tofauti, yaani kulinganisha badiliko la nchi moja na badiliko la nyingine. Namba hizi nimezibuni ili uone inavyofanya kazi. Nchi yenye tozo ilikuwa na wastani wa miamala milioni 300 kwa mwezi mwaka mmoja kabla, na milioni 330 mwaka mmoja baada. Mwanasiasa atasimama aseme miamala imeongezeka kwa asilimia 10, tozo haikumuumiza mtu. Sasa tazama nchi ya kulinganisha: kutoka milioni 160 hadi milioni 192, ongezeko la asilimia 20. Kama nchi yenye tozo ingekua kwa kasi hiyo, ingefika milioni 360. Imefika 330. Pungufu ni milioni 30, yaani asilimia 8.3 ya pale ilipopaswa kuwa. Miamala iliongezeka, na tozo iliipunguza. Yote mawili ni kweli.

Kumbuka kwamba jibu si 20 kutoa 10. Ukitumia logi za asili kompyuta itakupa −0.087, na hiyo ukiigeuza inarudi kuwa asilimia 8.3. Wengi wanaandika "asilimia 10" hapa, na mkaguzi makini anawakamata.

Hesabu hiyo yote imesimama juu ya dhana moja: kwamba bila tozo nchi hizi mbili zingekua kwa kasi moja. Ndiyo maana ulichora miaka mitatu nyuma. Kama nchi ya kulinganisha ilikuwa inakua kwa asilimia 20 kila mwaka tangu zamani na hii yetu kwa asilimia 10 tangu zamani, basi hakuna athari yoyote uliyoipata. Umegundua tu kwamba nchi mbili zina kasi tofauti. Dhana hii haithibitiki kamwe, lakini inaweza kuumbuliwa hadharani na grafu moja, kwa hiyo itangulize wewe grafu hiyo.

Njia hii ina historia nzuri. Aprili 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, jirani yake Pennsylvania hakupandisha. David Card na Alan Krueger waliipigia simu migahawa ya pande zote mbili kabla na baada, na hawakuona ajira ikipungua kama vitabu vilivyotabiri. Mabishano yake hayajaisha hadi leo, na Card akapata sehemu ya Nobeli ya uchumi ya 2021. La kujifunza kwetu ni kwamba walikusanya data kabla ya sera kuanza. Ukisikia kodi mpya kwenye hotuba ya Juni na una uwezo wa kwenda sokoni wiki hiyo, nenda.

Ukiwa na nchi kadhaa ambazo hakuna hata moja inayofanana vya kutosha na Tanzania, unaweza kuzichanganya kwa uzito tofauti, kwa mfano nusu Kenya, robo Rwanda, robo Zambia, hadi mchanganyiko ufuate mstari wa Tanzania wa miaka ya nyuma. Programu ya R inafanya hilo bure. Lakini tahadhari: mchanganyiko unaofuata mstari kwa sababu umelazimishwa hauna maana zaidi ya mstari wenyewe.

Usisahau ulinganisho wa ndani ya nchi, ambao mara nyingi una nguvu kuliko wa nchi na nchi. Baada ya Novemba 2018 Uganda ilitoza kutoa tu. Kuweka na kutuma hakukutozwa. Baada ya bajeti ya 2023/24 Tanzania ikawa vivyo hivyo. Mtandao ni uleule, mvua ni ileile, serikali ni ileile, lakini aina moja ya muamala ina tozo na nyingine haina. Na tozo yetu ilikuwa ya ngazi kulingana na kiasi, kwa hiyo ukipata data kwa madaraja, tafuta watu waliojibana chini kidogo ya mpaka wa daraja.

Hatua ya sita: jaribu kuiangusha kazi yako

Jifanye tozo ilianza Julai 2019, ambapo haikuwepo, urudie hesabu yote. Ukipata tena "athari" ya asilimia 8, ile ya kwanza si athari. Fanya hivyo pia kwa kujifanya Kenya ndiyo iliyoweka tozo. Ondoa nchi moja moja uone jibu linavyoyumba. Badilisha dirisha kutoka miezi 12 hadi 6.

Kuhusu zile nyota za umuhimu wa kitakwimu: ukiwa na nchi mbili na miezi 48, huna mashahidi 96. Agosti inafanana na Julai, na nchi ni mbili tu. Programu haijui hilo mpaka uiambie, na ikikosa kuambiwa itakupa uhakika mkubwa usiostahili. Majaribio ya kujifanya niliyoyataja hapo juu ni kipimo cha haki zaidi.

Hatua ya saba: shuka mtaani

Data za benki kuu zitakwambia kiasi gani, mara chache zitakwambia kwa nini. Hapa Dodoma siku chache kwenye vibanda vya mawakala zinaweza kubadilisha maana ya jedwali lako lote.

Kwanza vibali. Barua ya utambulisho ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya au kwa mkurugenzi wa halmashauri, halafu mtendaji wa kata, halafu wa mtaa au kijiji. Toa nakala nyingi, kila ofisi itabaki na yake na kugonga mhuri kwenye yako. Miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, ofisi za mjini zina pilika na vyumba vya kulala vinapanda bei. Panga mapema au subiri. Sheria ya Takwimu ya 2015 na marekebisho yake ya 2018 na 2019 isome kabla ya kuchapisha namba ulizokusanya mwenyewe, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa sababu namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Daftari la wakala lina majina na namba za wateja: usilipige picha. Mwombe akusomee jumla za siku.

Usikae Majengo na Sabasaba tu kwa kuwa ndiko daladala inakokushusha. Pata orodha ya mitaa ya kata, ichanganye kwa kura, uende na mingine ya pembezoni, kisha Kibaigwa au kijiji kimoja cha Bahi au Chamwino. Kijijini ukianza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kabla ya kufungua dodoso, mazungumzo yanakwenda vizuri zaidi.

Maswali yawe ya matukio, si ya maoni. Ukimuuliza mtu "tozo ilikuathiri?" atasema ndiyo, nani atasema hapana? Uliza namna hii:

"Shikamoo mama. Mara ya mwisho kutumiwa hela ilikuwa lini?"
"Marahaba. Jumapili hii, mwanangu wa Morogoro."
"Alituma kamili, au aliweka na ya kutolea?"
"Ya kutolea huwa anaweka. Ila siku hizi ananiambia mama subiri mwisho wa mwezi, nitume yote."

Katika majibu mawili umepata vitu viwili ambavyo jedwali halina. Kimoja ni nani anabeba mzigo: sheria inasema tozo ya kutoa inamkata anayetoa, lakini aliyeweka "ya kutolea" ni mtoto aliyeko Morogoro. Kingine ni ile tabia ya kukusanya, idadi ikishuka huku thamani ikibaki.

Kisha kaa na wakala. Muulize kuhusu wateja wanaofika na hela mkononi na namba ya mtu mwingine kwenye karatasi, wakimwambia, "Dada, niwekee moja kwa moja kwenye namba hii." Hapo hela imefika kwa mpokeaji bila muamala wa kutuma. Kwenye takwimu za taifa itahesabiwa kama kuweka. Kama tozo iliwasukuma watu wengi huko, utaona kutuma kumeporomoka na kuweka kumepanda, na ukiangalia kutuma pekee utatangaza msiba mkubwa kuliko uliopo. Uliza pia kuhusu hela zinazopelekwa kwa mkono wa dereva au kondakta, kwa kuwa hizo hazionekani popote. Na mwombe akueleze floti yake, yaani hela za kuendeshea kazi: siku ambazo hana, wateja wanarudi, na kupungua kwa siku hizo si kosa la tozo.

Andika jibu kwa maneno ya mtu mwenyewe, siku hiyohiyo. Ukisubiri Ijumaa utaandika maneno yako.

Kuandika ripoti

Anza na jibu na upana wake, si na "dunia ya utandawazi". Sentensi ya kwanza iwe na umbo hili: tozo ilipunguza idadi ya miamala kwa takriban kiasi hiki, na majibu ya majaribio yetu yote yako kati ya hapa na pale. Fuatisha grafu yenye mistari ya wima. Kisha jedwali la daftari la sera, zima, kwa kuwa hilo ndilo mtafiti mwingine atakalolitumia hata kama hakubaliani na hesabu yako.

Tenganisha mambo matatu ambayo watu hupenda kuyachanganya: kama miamala ilipungua, kama serikali ilipata mapato, na kama sera ilikuwa nzuri. Ghana ilitarajia kupata karibu cedi bilioni 6.9 kwa mwaka wa kwanza, na katikati ya 2022 makadirio yakashushwa hadi chini ya bilioni 1. Hilo ni suala la mapato, lina sababu zake, ikiwemo kuchelewa kuanza. Halithibitishi wala halikanushi kwamba watu waliacha kutuma. Na hata ukithibitisha kupungua, barabara na vituo vya afya vilivyojengwa kwa tozo havimo kwenye grafu yako. Sema hivyo kwa sentensi moja, usihubiri.

Andaa matoleo mawili. Refu ni la chuo. Fupi, kurasa mbili za Kiswahili, ni la mtendaji wa kata aliyekugongea mhuri, mawakala waliokupa muda wao, na ofisa wa wizara ambaye hatasoma kurasa 90. Ukitaka limfikie huyo wa mwisho likiwa na kazi, lipeleke kati ya Novemba na Januari, mapendekezo ya kodi za mwaka unaofuata yakiwa bado yanakusanywa. Ukilipeleka Mei, bajeti imeshaiva.